MNYONGE NA HAKI YAKE: NADHARIA ZA CHANZO CHA HAKI NA SUALA LA ARDHI "TUPU" YA KONGO

1. Utangulizi

Katika hazina ya methali za Kiswahili imo misemo miwili inayopingana waziwazi. Mmoja husema: "Mnyonge hana haki." Mwingine huagiza: "Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni." Msemo wa kwanza unaifungamanisha haki na nguvu: asiyeweza kujitetea hana anachostahili. Wa pili unakiri kwamba mtu aweza kushindwa kabisa na bado akabaki na kitu kilicho chake, ambacho walio na nguvu wana wajibu wa kumpa. Anayeitafakari tofauti hiyo atatambua kuwa ndiyo iliyowagawa wanafalsafa wa Ulaya kwa karne kadhaa, nayo ndiyo iliyoamua hatima ya ardhi ya Kongo mwishoni mwa karne ya 19.

Neno "haki" lenyewe linastahili kuangaliwa. Asili yake ni Kiarabu, ambamo hubeba maana ya ukweli, ya jambo lililothibiti, na ya kile ambacho mtu anastahili kupata. Kiswahili kimezihifadhi maana hizo: husemwa "haki yake" kwa kile anachostahili mtu, na "kutenda haki" kwa mwenendo wa hakimu au mtawala mwema. Kifaransa, ambayo ndiyo lugha ya sheria nchini Kongo, hutumia neno moja, droit, kwa haki ya mtu na kwa elimu nzima ya sheria. Kiswahili hutenga "sheria" na "haki", na kwa hiyo msemaji wake aweza kutamka bila taabu yoyote kwamba sheria fulani si ya haki. Wapo wanafalsafa ambao kauli hiyo kwao ingekuwa upuuzi mtupu.

Makala haya yanakusudia kueleza nadharia kuu za chanzo cha haki, kisha kuzipima kwa mfano mmoja wa kihistoria, yaani ardhi iliyoitwa tupu katika Dola Huru ya Kongo. Hoja inayotetewa ni kwamba swali la haki hutoka wapi na swali la haki hulindwa na nani ni maswali mawili, na kwamba kuyachanganya kumewagharimu wanyonge zaidi kuliko watu wengine wote.

2. Haki kabla ya dola

Mjadala huu hauna budi kuanzia karne ya 16, wakati Wazungu walipokutana na mataifa ambayo hayakuwahi kuwa chini ya wafalme wao wala ya kanisa lao. Je, watu hao walikuwa na haki ambazo mgeni alipaswa kuziheshimu?

Mwaka 1526 Mfalme Afonso wa Kongo alimwandikia Mfalme João wa Tatu wa Ureno barua za malalamiko. Alieleza kuwa wafanyabiashara wa Kireno walikuwa wakiwakamata raia wake, hata watoto wa watu wakubwa na jamaa zake mwenyewe, na kuwauza utumwani. Afonso hakuipinga biashara ya watumwa kwa jumla. Mwaka huohuo aliunda utaratibu wa kuwachunguza mateka kabla ya kuuzwa, ili kuwatenganisha waliokuwa watumwa kwa mujibu wa desturi na waungwana waliotekwa kwa hila. Hata hivyo, barua zake zina hoja nzito: muungwana wa Kongo ana haki ambayo mgeni mwenye bunduki na bidhaa hawezi kuifuta, ingawa hakuna sheria ya Ureno iliyoitoa.

Miaka 13 baadaye, mwaka 1539, Francisco de Vitoria alitoa mihadhara mashuhuri katika Chuo Kikuu cha Salamanca kuhusu wenyeji wa Amerika. Alifundisha kwamba wenyeji hao walikuwa wamiliki halisi wa mali na nchi zao kabla Wahispania hawajafika, na kwamba kutokuwa Wakristo hakukuwaondolea umiliki huo. Kuigundua nchi, alisema, hakumpi mgunduzi chochote iwapo nchi hiyo ina wenyewe. Lakini Vitoria huyohuyo aliacha mlango mwingine wazi: Wahispania, kwa maoni yake, walikuwa na haki ya kusafiri, kufanya biashara na kuhubiri, na wakizuiwa waliweza kupigana.

Mwaka 1550 na 1551 suala hilo lilijadiliwa rasmi mjini Valladolid. Juan Ginés de Sepúlveda alishika hoja ya Aristotle kwamba wako watu walioumbwa kutawaliwa. Askofu Bartolomé de las Casas akamjibu kwamba binadamu wote wana akili na wote ni wa jamii moja. Hata hivyo Las Casas mwenyewe, katika miaka ya ujana wa utetezi wake, alikuwa amependekeza watumwa Waafrika wapelekwe Amerika ili kuwapunguzia wenyeji mateso. Baadaye alijutia shauri hilo na kukiri kwa maandishi kwamba Waafrika nao walifanywa watumwa kwa dhuluma. Nadharia ya haki ya kimaumbile, basi, tangu mwanzo ilikuwa na nguvu na udhaifu. Nguvu yake ni kuiweka haki mbele ya mamlaka. Udhaifu wake ni kwamba daima yupo mtu anayejipa kazi ya kusoma maumbile kwa niaba ya wengine.

3. Haki kama zao la dola

Upande wa pili wa mabishano uliongozwa na Thomas Hobbes katika kitabu chake Leviathan cha mwaka 1651. Kwake yeye, pasipo na mtawala kila mtu ana haki juu ya kila kitu, na kwa sababu hiyo hakuna mwenye haki iliyo salama. "Changu" na "chako" huanza pale tu mtawala anapokuwepo. Karne moja na nusu baadaye Jeremy Bentham aliikaza hoja hiyo alipolichambua Azimio la Haki za Binadamu na Raia lililotolewa Ufaransa tarehe 26 Agosti 1789. Alishikilia kwamba haki halisi ni mtoto wa sheria halisi. Kuzungumzia haki zilizotangulia sheria kulikuwa kwake ni maneno matupu, tena ya hatari, kwa kuwa huwafanya watu wadhani wanacho wanachokitamani tu.

Hoja ya Bentham haifai kubezwa. Azimio la 1789 lilitamka kwamba watu huzaliwa huru, ilhali katika koloni la Ufaransa la Saint-Domingue mamia ya maelfu ya watu walibaki utumwani, wengi wao wakiwa wamezaliwa katika nchi za Kongo. Tamko halikumfungua hata mmoja. Hata hivyo kisa hichohicho kina upande wa pili. Watumwa hao walipoinuka mwezi Agosti 1791 hakukuwa na sheria yoyote iliyowapa uhuru. Sheria ya Ufaransa ya kufuta utumwa ilikuja Februari 1794, nyuma yao, na mwaka 1802 Napoléon Bonaparte akaurudisha utumwa katika makoloni kwa sheria nyingine. Iwapo haki ni zao la sheria peke yake, basi haina budi kusemwa kwamba watu hao hawakuwa na haki ya uhuru mwaka 1791, wakawa nayo mwaka 1794, na wakaikosa tena mwaka 1802. Wao wenyewe hawakukubali hesabu ya namna hiyo, na tarehe 1 Januari 1804 walitangaza nchi huru ya Haiti.

4. Nadharia ya jasho

Kati ya kambi hizo mbili alisimama John Locke, ambaye kitabu chake kuhusu serikali kilitoka mwaka 1689. Locke alikubali kwamba haki hutangulia dola, na akaeleza jinsi mtu mmoja mmoja anavyopata umiliki wa kitu ambacho Mungu aliwapa binadamu wote kwa pamoja. Jibu lake ni kazi. Mwili wa mtu ni wake. Kwa hiyo kazi ya mikono yake ni yake. Na anapoichanganya kazi hiyo na ardhi, ardhi hiyo huwa yake, mradi awaachie wengine ya kutosha na iliyo nzuri kama yake.

Nadharia hii ina mvuto mkubwa kwa mkulima yeyote, kwani inasema kwamba mwenye jasho ndiye mwenye mali. Lakini ndani yake mna kipimo cha siri. Kazi aliyoifikiria Locke ni ya jembe, ua na shamba la kudumu, kama alivyoizoea nchini Uingereza. Mwindaji wa Amerika, kwa kipimo hicho, anamiliki paa aliyemuua lakini si msitu anamowinda. Locke hakuwa mgeni wa mambo ya makoloni: alikuwa katibu wa mabwana waliomiliki koloni la Carolina, na alishiriki katika kuandaa katiba yake ya mwaka 1669, iliyowapa waungwana mamlaka kamili juu ya watumwa wao weusi. Mwaka 1758 Emer de Vattel aliigeuza hoja hiyo kuwa kanuni ya sheria za mataifa. Alidai kwamba kila taifa lina wajibu wa kulima ardhi yake, na kwamba watu wanaozunguka katika maeneo mapana kuliko wanayoyahitaji hawawezi kulalamika wengine wakija kukaa humo. Hivyo ndivyo nadharia iliyozaliwa ili kumlinda raia dhidi ya mfalme ilivyopata kazi ya pili, yaani kuipa nchi ya watu jina la nchi isiyo na mwenyewe.

5. Amri ya 1885 na ardhi "tupu"

Dola Huru ya Kongo ilipotangazwa mwaka 1885, mojawapo ya maandishi yake ya kwanza ilikuwa amri ya tarehe 1 Julai mwaka huo kuhusu ardhi. Amri hiyo ilikataza mtu yeyote kuwanyang'anya wenyeji ardhi wanayoikalia, na papo hapo ikatamka kwamba ardhi tupu zote ni mali ya Dola. Amri nyingine ya mwaka 1886 iliongeza kwamba ardhi zinazokaliwa na wenyeji zitaendelea kufuata desturi zao. Msomaji wa haraka ataona humo ulinzi wa wanyonge. Swali lote, hata hivyo, lilikuwa katika maana ya neno moja: ni ardhi ipi iliyo "tupu"?

Maofisa wa Dola walilijibu swali hilo kwa kipimo cha Locke na Vattel. Ardhi inayokaliwa, walisema, ni ile yenye nyumba na mashamba yanayolimwa. Kipimo hicho hakikulingana na maisha ya Kongo. Shamba la msituni hulimwa kwa miaka michache, kisha huachwa lipumzike mpaka pori lirudi, na wenye kulilima huenda kufungua lingine wakijua kwamba watarejea. Msitu ambao mgeni huuona mtupu ndimo wanamotegwa wanyama, wanamookotwa viwavi na uyoga, wanamochimbwa dawa. Humo pia mna makaburi ya wazee. Kila kijito na kila kilima kilijulikana ni cha ukoo gani, na mgeni aliyetaka kuwinda alijua pa kuomba ruhusa.

Hapo ndipo nadharia mbili zilizopingana vitabuni zilipopatana. Nadharia ya jasho ilitumika kuwanyima wenyeji msitu, kwa madai kwamba hawakuulima. Kisha nadharia ya dola ilitumika kumkabidhi Leopold wa Pili msitu huohuo, kwa madai kwamba chenye kukosa mwenyewe ni cha Dola. Maagizo yaliyotolewa mwaka 1891 na 1892 yaliyahifadhi mazao ya ardhi hizo, hasa pembe za ndovu na mpira, kwa faida ya Dola na makampuni yake. Tangu hapo mwanakijiji aliyegema mpira katika msitu wa babu zake alihesabiwa kuwa anachukua mali ya Dola, na mfanyabiashara aliyeununua kwake alionekana kuwa mpokeaji wa mali ya wizi. Mwaka 1903 amri ilimtaka mwenyeji aifanyie Dola kazi ya saa 40 kila mwezi, na wakusanyaji wa mpira walidai zaidi ya hizo kwa mjeledi na bunduki.

Iwapo Locke angefuatwa kwa uaminifu, mpira huo ungekuwa wa aliyeugema, kwa kuwa jasho lilikuwa lake. Kanuni ya jasho ilitumika dhidi ya mwenyeji alipokuwa na msitu, ikasahauliwa alipokuwa na jasho.

6. Waliokataa

Wapo waliokataa tafsiri hiyo mapema. Mwezi Julai 1890, akiwa Stanley Falls, ambapo leo ni Kisangani, Mmarekani mweusi George Washington Williams alimwandikia Leopold barua ya wazi. Pamoja na kueleza ukatili aliouona, alihoji hati za umiliki zenyewe: mikataba na machifu, alisema, ilipatikana kwa ulaghai, na kwa hiyo miliki ya mfalme ilikuwa na kasoro. Hoja yake haina maana iwapo haki huanzia kwa Dola, kwani Dola ndiyo iliyokuwa imeshatoa sheria. Inapata maana pale tu inapokubaliwa kwamba machifu na watu wao walikuwa na kitu cha kulaghaiwa.

E. D. Morel, aliyeshiriki kuanzisha chama cha kudai mageuzi ya Kongo mwaka 1904, aliifikisha hoja hiyo kwenye uchumi. Alishikilia kwamba mizizi ya ukatili haikuwa ubaya wa maofisa wachache. Mtu aliyenyang'anywa mazao ya ardhi yake hana cha kuuza. Asiye na cha kuuza hawezi kupata bei. Na asiyeweza kupata bei hufanyishwa kazi kwa nguvu. Tume ya uchunguzi iliyoteuliwa na Leopold mwenyewe, ambayo ripoti yake ilitoka mwaka 1905, nayo ilikiri kwamba tafsiri finyu ya ardhi inayokaliwa iliwabana wenyeji. Amri ya tarehe 3 Juni 1906 iliipanua tafsiri hiyo ili ijumuishe ardhi wanayoikalia, wanayoilima au wanayoitumia kwa namna yoyote kulingana na desturi. Lakini mpira ulikuwa umeshatoka, na watu wengi walikuwa wameshakufa. Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908, kanuni ya ardhi tupu haikufutwa.

7. Ukimya wa 1948 na sheria za baadaye

Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu lilipopitishwa mjini Paris tarehe 10 Desemba 1948, kwa kura 48 bila ya kura ya kulikataa na nchi 8 zikijizuia, waandishi wake walilikwepa kwa makusudi swali la chanzo. Rasimu ya kifungu cha kwanza ilikuwa imesema kwamba binadamu wamejaliwa akili na dhamiri kwa maumbile. Maneno "kwa maumbile" yakaondolewa ili waamini na wasioamini waweze kukubaliana. Jacques Maritain, aliyeufuatilia mjadala huo kwa karibu, alieleza kwamba mapatano yaliwezekana mradi tu hakuna aliyeulizwa sababu.

Ukimya huo ulileta mapatano, lakini haukulimaliza tatizo. Ubelgiji ilipiga kura ya kuliunga mkono Azimio ilhali Mkongo alibaki raia wa daraja la chini nchini mwake. Baada ya uhuru, sheria ya Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966 ilirudisha kwa taifa ardhi na madini yaliyokuwa mikononi mwa makampuni ya kikoloni. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilikwenda mbali zaidi ikatamka kwamba ardhi yote ni mali ya Dola peke yake. Kuhusu ardhi za jamii za vijijini, sheria hiyo iliahidi kwamba haki zao zingepangwa kwa amri ya Rais. Kwa miongo mingi iliyofuata amri hiyo haikutolewa. Mkulima hakukatazwa kuilima ardhi ya ukoo wake. Alichokosa ni jibu la swali lilelile la 1885, yaani kama anailima kwa haki au kwa hisani.

Jibu limeanza kutafutwa kwingine. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa mjini Nairobi mwezi Juni 1981, unazitambua haki za watu kwa ujumla wao, wala si za mtu mmoja mmoja tu. Kwa kuutumia, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua mwaka 2017 kwamba Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya, wawindaji na warina asali, wana haki juu ya ardhi ya mababu zao. Nchini Kongo, Batwa walioondolewa katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoundwa mwaka 1970, walipata ushindi kama huo mbele ya Tume ya Afrika, katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2024. Katika mashauri yote mawili mlalamikaji hakuwa na hati wala shamba la kudumu, na katika yote mawili ilikubaliwa kwamba haki yake ilikuwepo kabla ya dola kuiandika.

8. Hitimisho

Historia iliyosimuliwa hapa haimpi ushindi mwanafalsafa mmoja. Bentham alisema kweli kwamba haki isiyo na mlinzi humwacha mnyonge mikononi mwa mwenye nguvu. Mgema mpira wa mwaka 1900 angemwelewa. Alikosea alipohitimisha kwamba pasipo na mlinzi hapana haki, kwa maana hitimisho hilo linawapa wanaodhulumu uwezo wa kufuta hata jina la dhuluma. Locke alisema kweli kwamba haki hutangulia mtawala, ila alichukua desturi za kijiji chake kuwa ndizo maumbile ya dunia.

Methali ya pili iliyotajwa mwanzoni ina hekima ambayo nadharia nyingi zimeikosa. Inaposema "haki yake mpeni", inakubali mambo mawili kwa pamoja: kwamba haki ni yake tayari, na kwamba bado haijamfikia mkononi. Umbali uliopo kati ya "yake" na "mpeni" ndio uwanja wa kazi ya sheria, ya mahakama na ya siasa. Dola inayodhani kwamba ndiyo iliyoumba haki itauona uwanja huo kuwa mtupu, kama maofisa wa 1885 walivyouona msitu.